Vitu Vilivyokuja na Gari

Nyuma ya gereji yake pale Pongwe, Fundi alikuwa na chumba kisicho na dirisha, na ndani yake hakukuwa na kitu cha maana kwa macho yetu sisi wenye malori. Zilikuwamo salfeti tu, za mchele na za sukari, kila moja imefungwa mdomo kwa kamba ya katani na kuandikwa ubavuni namba ya gari kwa rangi nyeupe. Ukifungua salfeti unakuta kopo la chuma, zito, ukubwa wa ndoo ndogo. Ndani ya kopo mna masega, yale matundu madogo madogo yanayokamata masizi kabla moshi haujatoka kwenye bomba. Makopo hayo yalikuja na malori yetu kutoka huko yalikotengenezwa. Sisi tulimwomba Fundi ayatoe, naye akayatoa, akafunga bomba tupu mahali pake, kisha kopo akalitia salfeti na kuliweka. Mkewe alikiita chumba kile makaburini, na kila aliyesikia alicheka isipokuwa Fundi mwenyewe.

Mafundi wengine hawasumbuki hivyo. Wao hulikata kopo, wakayatwanga masega kwa nondo mpaka yakamwagika chini, halafu wakalichomelea upya. Kwa nje kopo lipo, kwa ndani ni tupu kama kifuu cha nazi iliyokwisha kukunwa. Na masega yenyewe yana wanunuzi wake, vijana wanaopita na mizani ya mkononi, wanaosema mna madini ndani. Siku moja nilikuwepo walipomfikia Fundi. Walimbembeleza sana.

"Si vyangu," akawaambia.

"Mzee wetu, mwenyewe si kakuachia?"

"Kaniachia niweke. Hakunambia niuze."

"Na asiporudi kuvichukua?"

"Vitakaa. Kwani vyala chakula changu?"

Wakaondoka wakitikisa vichwa. Mimi pia nilitikisa changu, sitaficha. Nilimwona mzee mbishi anayejaza chumba vyuma wakati angeweza kukipangisha.

Sijui alizaliwa wapi wala ukoo wake ulikuwa upi, na sikuwahi kuuliza. Kuna waliosema ni Mdigo, wengine wakasema ni mtu wa Pangani. Alizungumza Kiswahili cha watu wa pwani yetu, cha taratibu, kama mtu anayechagua mchele. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye ndevu nyeupe alizozifunika kwa kitambaa anapolala chini ya gari zisiingie oili. Vikoi vyake vilikuwa viwili, cha kazi na cha msikitini, na alivitundika kwenye misumari miwili iliyo mbali kabisa. Mtu akikosea akatundika chake kwenye msumari wa msikitini, siku hiyo gereji nzima haikukalika.

Sigara alizichukia vibaya. Dereva akiwasha tu, Fundi alimnyooshea kidole ng'ambo ya barabara na kidole hakikushuka mpaka mtu avuke. Siku moja nikamchokoza. Alikuwa amesimama hivyo hivyo, kidole hewani, na nyuma yake lori la mawe ya chokaa limewashwa lijaribiwe, moshi mweusi tii unapanda mpaka kwenye nyaya za umeme.

"Fundi," nikamwuliza, "ile sigara na lile lori, lipi lina moshi zaidi?"

Akageuka, akautazama moshi kana kwamba ndiyo kwanza auone.

"Lori latafuta riziki," akasema. "Na Pongwe ina upepo."

Hilo la upepo lilikuwa neno lake kwa miaka mingi. Mkewe akilalamika kwamba nguo alizoanika zina vumbi jeusi, jibu ni kwamba Pongwe ina upepo. Jirani akija juu, jibu ni hilo hilo. Na alilisema kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulifikiria jambo na kulimaliza, kwa hiyo sote tukaona limekwisha.

Kwenye vyuma alikuwa na macho ya ajabu. Alipima nafasi ya valvu kwa kuangalia tu, kisha akahakikisha kwa kipimo, na mara zote kipimo kilimfuata yeye. Lakini mtu huyo huyo akienda Kigombe kutafuta pweza alirudi kila mara na wa jana. Wavuvi walimjua. Walimsifu kwa ufundi wake, wakamsalimia kwa heshima zote, wakampa waliyeshindwa kumuuza asubuhi. Mkewe akifungua mfuko alisema, "Leo tena umetuletea mgeni wa jana," na Fundi akatoka nje kana kwamba ana jambo la haraka.

Zana zake alimwazima yeyote, hata fundi wa ng'ambo aliyemchukulia wateja. Maneno ndiyo aliyokuwa mchoyo nayo. Ungeweza kukaa naye toka saa mbili mpaka adhuhuri usipate zaidi ya "lete ile" na "shika hapa." Ila ukimwuliza kitu cha injini kazi yake nini, hapo alikaa chini, akafuta mikono, na akakueleza mpaka ukaelewa, hata kama wewe ni mtu usiyejua kutofautisha nati na boliti. Mimi nilikuwa mtu huyo.

Mimi ni mwuza machungwa. Nilianza na tenga moja kichwani pale stendi ya Muheza, na ilipofika mahali nikaona wenye malori ndio wanaokula jasho langu, nikajibana mpaka nikapata lori la tani nne, mtumba, kuukuu lakini zima. Mdogo wangu Salimu ndiye dereva. Lilipotufikia lilikuwa na kila kitu chake, na Salimu alijisifu nalo kama bwana harusi. Msimu wa kwanza haukuisha likaanza vituko. Taa ya njano inawaka kwenye dashibodi, gari linakosa nguvu, likiwa na mzigo linapanda kama linaburutwa. Siku moja likagoma kabisa njiani, juani, na machungwa yangu yote nyuma. Nani asiyejua machungwa yaliyolundikwa juani yanavyokwenda? Nililia kando ya barabara, mtu mzima mimi.

Tulipolivuta mpaka Pongwe, Fundi alilala chini yake kitambo, akatoka.

"Masega yameziba," akasema. "Yaweza kuoshwa. Siku tatu, nne. Na kuanzia hapo ujaze dizeli safi, si ya madumu ya njiani."

"Na yakitolewa kabisa?"

"Yakitolewa, kesho asubuhi waondoka."

"Basi toa."

Hakuinuka. Alikuwa na desturi yake, ambayo madereva waliitania kutoka Pongwe mpaka Segera. Kabla hajaondoa kitu kilichokuja na gari, alimtaka mwenye gari atamke mara tatu, mbele ya shahidi. Watu waliiita talaka ya Fundi.

"Sema tena," akaniambia.

"Toa."

"Tena. Salimu asikie."

"Toa, Fundi, toa! Watakaje, niandike?"

Akatoa. Kesho yake lori lilipanda kilima likiimba, na nyuma yetu moshi ukaanza, mweusi, mzito. Salimu aliutazama kwenye kioo cha pembeni, akacheka. Nami nikacheka. Misimu minne nilisafirisha machungwa hivyo na sikuharibikiwa hata mara moja.

Kilichombadilisha Fundi kilitokea msikitini, mwezi wa Ramadhani, na nilikuwepo, upande wetu wa wanawake nyuma ya pazia. Ilikuwa darsa ya baada ya alasiri. Ustadhi alimaliza mlango wa mambo yanayofunguza saumu, akaruhusu maswali. Mama mmoja anayeuza mihogo ya futari kwenye ule mwinuko wa barabara, mahali malori yanapobadilisha gia, akapaza sauti kutoka kwetu.

"Ustadhi, mie moshi wa malori nnaumeza kutwa. Jioni nikitema, mate meusi. Saumu yangu ipo?"

Wanaume upande wa pili wakacheka kidogo. Ustadhi hakucheka.

"Ipo, mama. Moshi wa njiani haufunguzi, kwa kuwa huna hiari nao. Funga, wala usitie shaka."

"Alhamdulillahi. Na huyo mwenye hiari nao, je?"

Hapo kicheko kikapanda pande zote mbili. Mama mwenyewe nadhani hakukusudia zaidi ya utani. Ustadhi akasubiri tunyamaze.

"Huyo ana haki ya watu shingoni," akasema. "Mola humsamehe mja haki Yake Yeye. Haki ya watu, mpaka watu wenyewe wasamehe."

Kisha akaendelea na swali la mwingine. Sikumwona Fundi siku ile, pazia lilituziba, lakini najua alikuwa safu ya mbele, kwa kuwa huko ndiko alikokaa siku zote. Mkewe alinisimulia baadaye kwamba jioni ile alifuturu kwa maji na tende moja, akaacha uji, akachukua tochi akaingia chumba cha salfeti. Alipomfuata alimkuta anasoma namba za magari moja moja.

Neno la upepo hatukulisikia tena. Baada ya Idi alikataa kutoa kitu chochote kwenye lori la mtu yeyote, hata utamke mara mia. Wateja wakavuka barabara kwenda kwa yule fundi wa ng'ambo. Fundi wetu akaanza kutoa makopo kwenye salfeti, akayaosha kwa maji, akayaanika, akayapuliza kwa pampu mpaka yakapitisha hewa. Halafu akaanza kutufuata. Alikwenda Raskazone kwa bwana mmoja mwenye malori mawili, akaja Muheza, akasubiri watu kwenye mizani ya malori. Maneno yake yalikuwa mafupi: leta gari nikurudishie kitu chako, sitaki ujira.

Wachache walikubali, yule bwana wa Raskazone mmojawapo. Wengi walikataa. Wengine walikwisha kuuza malori yao na hawakujua yako wapi. Kwa mama wa mihogo alikwenda mwenyewe, akakaa kwenye kigoda chake, akamwomba radhi. Aliponisimulia hilo alikuwa anaangalia mikono yake.

"Kanisamehe," akasema. "Papo hapo, na mhogo kanipa. Lakini huyo namjua. Kuna waliokuwa wapita njia tu, watoto wa shule, wenye baiskeli. Hao niwapate wapi? Nilichobakiwa nacho ni kuuzuia moshi usiendelee. Niletee gari, mwanangu."

Mara ya kwanza nilimwambia msimu umechachamaa, nitaleta ukiisha. Msimu ukaisha, sikuleta. Niseme kweli, niliogopa. Nilikuwa bado naiona ile siku ya barabarani, machungwa yanatoa maji chini ya turubai. Fundi aliniambia masega yameoshwa, kwamba nikijaza dizeli safi na kuliacha gari likimbie vizuri barabara kuu hayataziba tena upesi. Niliamini mkono wake kuliko wa mtu yeyote Tanga, na bado niliogopa. Lori kuukuu halina huruma na mtu mwenye lori moja.

Mara ya pili alinikuta stendi ya Muheza, katikati ya wachuuzi wenzangu. Akasema lile lile. Watu wanasikiliza, nami nikataka kuonekana hodari wa maneno.

"Fundi, si ulinitamkisha mara tatu? Talaka tatu hazina rejea, wewe mwenyewe wajua!"

Stendi nzima ikaangua kicheko. Fundi alitabasamu kama mtu anayelazimika, akaniaga, akatembea mpaka kwenye bodaboda iliyomleta. Aliishikilia ile bodaboda muda kabla hajapanda. Utani ule bado unaniuma. Naukumbuka nikiwa napika, nikiwa nasali.

Mara ya tatu alipiga simu. Nikaona jina lake, nikaiacha iite.

Mwaka huu, kabla machungwa hayajaanza kuiva vizuri, Salimu akaniambia Fundi hatoki tena ndani. Kifua. Gereji imefungwa, na watu wanakwenda kumjulia hali. Tulikuwa tunarudi Tanga na gari tupu, tukapita. Nyumba yake iko bega kwa bega na gereji, na chumba alicholala dirisha lake linatazama barabara. Salimu aliegesha hapo hapo dirishani, na hakuzima injini, kwa kuwa betri yetu ilikuwa imechoka na lori likizimwa lilihitaji kusukumwa.

Ndani walikuwepo wazee wanne wa msikitini, wamekaa mkekani, na mkewe kando ya kitanda. Fundi alikuwa amekwisha. Mikono tu ndiyo iliyobaki ya mtu niliyemjua.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Bi Machungwa. Karibu." Akakohoa, akapumzika, akakohoa tena. "Mwambie Salimu azime gari."

"Betri mbovu, Fundi. Likizimwa haliwaki."

"Azime. Tutasukuma."

Tutasukuma, alisema, naye hata kugeuka ubavu alisaidiwa. Nikachungulia dirishani kumwashiria Salimu, ndipo nikaona pazia la dirisha lile. Lilikuwa jeupe zamani. Upande wa barabara lilikuwa la rangi ya mkaa, na nilikuwa nimepita mbele ya dirisha lile misimu minne.

Injini ikanyamaza. Wazee walikuwa katika kuaga, na kama ilivyo ada yetu mgonjwa aliwataka radhi mmoja mmoja. "Kama nimekukosea, nihalalishie." Nao wakamjibu mmoja mmoja, "Nimekuhalalishia, dunia na akhera." Walipokwisha, zamu ikawa yangu. Sikusubiri aniombe. Nilikuwa na haraka ya kulitoa neno hilo, labda kwa sababu nilitaka limalize yote.

"Nimekuhalalishia, Fundi, dunia na akhera."

Akainua mkono kunizuia.

"La," akasema. "Wewe huna cha kunihalalishia. Ulisema toa, nami nikatoa. Wewe mwenzangu."

Hakusema kwa hasira wala kwa lawama. Alisema vile alivyozoea kunieleza kazi ya kitu ndani ya injini, taratibu, ili nielewe. Nami nilielewa. Wazee wakaangalia chini.

Nikatoka nje. Salimu alikuwa ameegemea mlango wa gari.

"Tunaondoka? Niite watu watusukume?"

"Hatuondoki," nikamwambia. "Tafuta spana."

Mkewe Fundi hakuniuliza kitu. Alichukua funguo, akafungua chumba, na kwa mikono yake akaiburuta salfeti yenye namba yetu mpaka uani. Kopo lilikuwa safi, limepakwa grisi kwenye mashimo ya boliti, na gasketi mpya imefungwa juu yake kwa uzi. Kumbe Fundi alikuwa amelitayarisha toka lini, mie sijui. Tulisubiri bomba lipoe. Kisha Salimu akaingia chini ya gari, na kwa kuwa kopo ni zito na mtu mmoja hawezi kulishika na kulifunga, nami nikajifunga kanga kiunoni juu ya dera langu nikaingia pia. Majirani walitoka kutazama. Oili ilinidondokea kwenye ushungi, nikaiacha. Kazi ya saa moja ya Fundi ilituchukua mpaka adhana ya alasiri.

Waliotoka msikitini ndio waliotusukuma, na wale wazee wanne wakiwemo, wameshika vikofia vyao. Lori likawaka mara ya pili. Nikasimama nyuma nikitazama mdomo wa bomba, na kilichotoka kilikuwa hewa tu inayotetemeka kwa joto. Nikaenda mbio ndani, viatu nimevisahau uani.

Alikuwa amefumba macho. Mkewe akanipa ishara kwamba amelala. Nikapiga magoti kando ya kitanda, mikono yangu myeusi nimeiweka mbali na shuka.

"Fundi," nikamwita kwa sauti ndogo. "Umesikia? Tumelirudisha."

Nje Salimu alikanyaga mafuta kidogo, akaachia. Nilingoja aniombee dua, au aseme alhamdulillahi, au anisamehe ile siku ya stendi. Midomo yake ikafunguka.

"Boliti ya juu," akasema. "Upande wa dereva. Hamkuikaza, moshi wavuja."

Nikafunga kitambaa mkononi, kwa sababu bomba lilikwisha kupata moto, nikatoka kwenda kuikaza.